Muhogo Upi Tupande? Mkulima Naye Aulizwe

Chimba muhogo mmoja shambani kwako leo. Usiupike kwanza. Ukate vipande vya unene wa kidole, kuanzia kichwani mpaka mkiani. Sasa tazama ndani. Kama nyama yake ni nyeupe tupu, vizuri. Kama ina madoa ya kahawia, makavu na magumu kama gome la mti, basi umeukuta ugonjwa uliowapotezea wakulima wengi wa pwani chakula na fedha. Nje muhogo unaonekana mzima. Hata shina linaweza kuwa limesimama vizuri tu. Lakini ndani hakuna kitu. Haupikiki wala haukaangiki. Mchuuzi wa Mbagala akikata mmoja na kuyaona yale madoa, gunia zima analirudisha.

Ugonjwa huo unaitwa michirizi ya kahawia. Hauna dawa ya kunyunyiza. Unaletwa na virusi, vijidudu vidogo mno ambavyo macho hayavioni. Inzi weupe ndio wanaovibeba toka shina hili hadi lile. Na sisi wenyewe tunavibeba, tena mbali zaidi kuliko inzi, pale tunapokata fimbo za mbegu kwenye shina gonjwa na kumpelekea shemeji yetu Bunju au Kimbiji. Kwa hiyo kinga kubwa iko kwenye mbegu: kupanda aina inayostahimili, na kupanda fimbo safi.

Hapo ndipo linapoanza swali letu. Aina ipi? Na ni nani mwenye haki ya kusema hii nzuri, ile mbaya?

Tuelewane kwanza juu ya neno "aina". Embe dodo na embe bolibo yote ni maembe, lakini hakuna mtu wa Dar es Salaam atakayeyachanganya sokoni. Hizo ni aina mbili za tunda moja. Muhogo nao una aina nyingi sana, zenye majina ya mahali, ya watu, na mengine ya mzaha. Kila moja ina tabia yake.

Mbegu ilivyokuwa ikiteremka

Kwa miaka mingi mbegu mpya ilifuata njia moja tu. Mtaalamu aliizalisha kwenye kituo chake, akaipima kwa mizani, akaona kilo ni nyingi, akaipitisha. Bwana shamba akapewa, akaileta kijijini. Kazi ya mkulima ilikuwa kupokea. Akisita, aliambiwa hataki maendeleo.

Hatusemi wataalamu wale walikuwa watu wabaya. Njaa ilikuwepo, na wao walitafuta wingi wa mavuno. Lakini wingi ni jambo moja kati ya mengi. Chukua mtama uitwao Serena, uliozalishwa Serere huko Uganda. Unakomaa mapema na unavumilia ukame. Tena ndege hawaupendi, kwa sababu punje zake za kahawia zina uchungu. Baada ya ukame wa mwaka 1973 na 1974, mazao ya kustahimili ukame yalihimizwa sana nchini kwetu, na Serena ilikuwa miongoni mwa mbegu hizo. Sasa fikiri mwenyewe. Ndege ameukataa kwa uchungu, mama wa nyumbani ataufanyaje? Ugali wake watu wengi hawakuupenda. Ukawafaa zaidi wapika pombe. Wataalamu wa Ilonga, Kilosa, wakaja kutoa baadaye mtama mweupe uitwao Tegemeo, ambao walaji waliupokea vizuri zaidi. Mtu angeweza kuwauliza wapishi tangu mwanzo.

Mfano mwingine uko hapa hapa Kinondoni. Kituo cha utafiti cha Mikocheni kilianza kama kituo cha minazi. Katika miaka ya 1980 ililetwa minazi chotara kutoka Afrika Magharibi ambayo ilisifiwa kwa kuzaa haraka na kwa wingi. Ikapandwa pwani. Ukame na ule ugonjwa wa kuua minazi vikaishinda. Mnazi wetu mrefu, ule ule wa mababu, ulivumilia zaidi, na utafiti ukalazimika kuurudia na kuuchunguza upya. Wazee wa pwani hawakushangaa.

Mtoto wa Amani aliyelelewa vijijini

Sasa tuwaeleze habari ya aina moja ya muhogo, maana inaonyesha vizuri kwamba kazi ya kuchagua mbegu haikuanzia ofisini.

Michirizi ya kahawia ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtaalamu aitwaye H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi kituo cha Amani, kule milima ya Usambara, Mkoa wa Tanga. Yeye na wenzake wakaanza kuzalisha muhogo wa kupambana na magonjwa. Walifanya jambo ambalo watu wengi hawalijui. Walichukua mti wa mpira wa Ceara, ule ambao Wajerumani waliupanda wakati wa utawala wao, wakauchanganya na muhogo. Mti huo ni ndugu wa muhogo, ingawa mizizi yake hailiki kama muhogo. Wale chotara wakachanganywa tena na tena na muhogo wa kawaida mpaka mizizi ikawa ya kuliwa, lakini ile nguvu ya kuvumilia magonjwa ikabaki. Kazi hiyo iliendelea mpaka miaka ya 1950, mwisho ikiwa mikononi mwa D. L. Jennings. Halafu ikasimama.

Mmoja wa chotara hao hakuwa na jina. Alikuwa na namba tu: 46106/27. Kituo kilipoacha kazi hiyo, namba ikabaki kwenye daftari. Lakini fimbo zilikuwa zimeshatoka. Zilikwenda mkono kwa mkono, toka shamba hili mpaka lile, bila barua wala muhuri. Wakulima wa kusini mwa Tanzania wakauita muhogo huo Namikonga. Wakulima wa pwani ya Kenya wakauita Kaleso. Hawakujua habari za namba. Walichokijua ni kwamba unapochimbwa, ndani ni mweupe.

Miaka zaidi ya 40 ikapita. Michirizi ya kahawia, ambayo zamani ilikaa zaidi sehemu za chini za pwani na kando ya Ziwa Nyasa, ikazuka kwa nguvu Uganda kuanzia mwaka 2004, na baadaye ikaenea nchi za Maziwa Makuu. Watafiti wakahangaika kutafuta aina inayostahimili. Wakaikuta Namikonga shambani kwa wakulima. Walipoichunguza kwa vipimo vya kisasa vya vinasaba, yaani ile alama ya ukoo iliyomo ndani ya kila kiumbe, wakakuta kwamba Namikonga na Kaleso ni kitu kimoja, na kwamba wote ni yule mtoto wa Amani. Leo Namikonga inatumika kama mzazi wa kuzalishia aina mpya.

Nani aliitunza mbegu hiyo kwa miaka yote hiyo? Hakulipwa mshahara, na jina lake halimo kwenye kitabu chochote.

Kiroba nacho ni mfano wa jirani zaidi. (Tunasema Kiroba muhogo, siyo kile kiroba cha pombe kilichopigwa marufuku mwaka 2017.) Ni aina ya wakulima wa pwani yetu wenyewe. Haiponi kabisa na michirizi ya kahawia, inaugua, lakini mizizi yake huchelewa kuharibika kuliko ya aina nyingi. Watafiti waliiona kwa wakulima, wakaichukua, wakaipima na kuieneza. Safari hii mbegu ilipanda kutoka shambani kwenda kituoni, kisha ikateremka.

Mkulima wa pembezoni mwa mji anataka nini?

Tuseme wazi kwamba mkulima wa Chamazi hana haja zile zile za mkulima wa Masasi. Mtafiti anayesahau hilo ataleta mbegu nzuri mahali pasipo pake.

Kwanza kuna ardhi. Tangu Bunju na Mabwepande mpaka Kibamba na Kwembe, na upande wa pili Toangoma, Kisarawe II na Pemba Mnazi, mashamba yanageuka viwanja. Sehemu hizo zilikuwa zote za Kinondoni na Temeke, mpaka Ubungo na Kigamboni zilipopewa manispaa zake katikati ya miaka ya 2010. Wakulima wengi huko wanalima ardhi ya mtu mwingine. Mwenye kiwanja amesafiri, au hajapata fedha ya kujengea, akamwambia jirani: lima, usipande mti. Kesho anakuja na lori la mchanga. Mkulima wa namna hiyo ukimpa muhogo wa miezi 18, hata kama unazaa kama nini, umempa hasara. Anataka wa miezi 9, ikiwezekana hata pungufu. Mtaalamu anayesoma mizani tu hawezi kuliona jambo hilo, maana mizani haijui kiwanja ni cha nani.

Pili kuna soko lenyewe. Muhogo wa huku hauendi kinuni kuwa unga kama wa kusini. Unaliwa mbichi na nazi, unachemshwa, unakaangwa barabarani na kupakwa pilipili. Kwa hiyo lazima uwe mtamu, usiwe na nyuzi, na uive upesi uwe laini. Mpishi wa mihogo ya kukaanga anakwambia wazi: muhogo wa maji unakunywa mafuta, wateja wanaukataa. Halafu kuna mwezi wa Ramadhani. Muhogo wa nazi kwenye futari ndio mavuno ya fedha kwa wakulima wengi wa Temeke. Na Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Basi mkulima anahesabu vidoleni: mwezi utaandama lini, nirudi nyuma miezi tisa, nipande lini. Aina inayokomaa kwa muda unaojulikana ina thamani kuliko ile ya kubahatisha.

Tatu kuna majani. Kisamvu kinauzwa kila siku, mizizi mara moja. Mama mwenye ngazi tano za muhogo nyuma ya nyumba anaweza kupata hela ya mboga na sabuni kwa kisamvu kabla hajachimba hata mzizi mmoja. Je, aina mpya inachipua haraka ikichumwa? Majani yake ni laini kwenye kinu? Hata viazi vitamu viko hivyo hivyo. Watu wa Dar es Salaam hupanda matembele kwa ajili ya majani, na wala hawajali kama chini kuna kiazi. Ukimletea kiazi chenye mzizi mkubwa na majani machache, atakushukuru kwa heshima halafu atakitupa.

Nne, jamani, wezi. Muhogo mtamu ulioko kando ya barabara hauna mwenyewe usiku. Wako wakulima wanaopanda mistari ya muhogo mchungu pembeni, mtamu ndani. Kituoni, penye uzio na mlinzi, jambo hilo haliandikwi popote.

Tunataja haya kwa urefu kwa sababu ndiyo kiini. Mkulima hakatai mbegu mpya kwa ukaidi. Anakuwa na hesabu ambayo hakuna aliyemwuliza.

Wanawake wa Rwanda na maharage yao

Kuna nchi ya jirani iliyoonyesha mapema kwamba kuuliza kunalipa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Rwanda, watafiti wa taifa na mwenzao Louise Sperling walibadili utaratibu. Rwanda maharage ni chakula cha kila siku, na wanaoyajua zaidi ni wanawake. Zamani mkulima aliitwa mwishoni kabisa, wakati zimebaki aina chache tu. Safari hii wanawake wanaosifika vijijini kwa ujuzi wa mbegu waliitwa kituoni mapema, wakati aina bado ni nyingi, wakaambiwa: tembeeni, chagueni.

Wakatembea. Walitazama majani, namna mmea unavyosimama ndani ya migomba, na kama utavumilia mvua. Wakachukua walizozipenda, wakapanda kwao. Matokeo yalikuwa kwamba aina walizochagua wao zilizidi mchanganyiko wao wa kawaida kwa hadi asilimia 38, kuliko zile ambazo wataalamu walikuwa wamewachagulia. Siyo kwamba wanawake wale walikuwa na elimu ya chuo. Walikuwa wanajua shamba lao.

Baada ya hapo njia zikaongezeka. Malawi, katika miaka ya 1990, wakaanza utaratibu wa shamba mama na mashamba watoto: shamba mama lina aina zote na linasimamiwa kwa vipimo kamili, mashamba watoto yako kwa wakulima, kila mmoja na aina chache, akilima anavyolima siku zote. Upo pia utaratibu wa tatu tatu. Kila mkulima anapewa aina tatu zisizo na majina, zina herufi tu, naye anasema ipi bora na ipi ya mwisho. Hivyo tu. Maelfu ya majibu mafupi kama hayo yakikusanywa yanaonyesha aina gani inafaa mahali gani. Umefanyika Ethiopia, India na Nikaragua kwa mazao mbalimbali.

Kwetu, kituo cha karibu cha kazi hii ni Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro. Wakongwe wanakijua kama kituo cha miwa. Sasa ni sehemu ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, na muhogo na viazi vitamu ni kazi yake kubwa. Huko ndiko zimetoka aina kama Kipusa, Chereko na Mkuranga 1. Kituo cha Naliendele, Mtwara, nacho kina muhogo wake. Zanzibar walitoa aina nne mwaka 2007: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui.

Jaribio lenyewe linafanywaje?

Kikundi cha wakulima kinaweza kufanya jaribio bila mashine yoyote. Mnahitaji kamba, vijiti, mizani ya kuazima, daftari na kalamu. Ninyi mliomaliza kisomo mnajua kuandika na kuhesabu. Hapa ndipo kazi ya kalamu.

Tuseme mna aina nne mpya. Ongezeni ya tano, yaani ile mnayopanda siku zote. Bila hiyo ya kwenu hamtajua kama mpya ni bora, maana bora kuliko nini? Pandeni kila aina mashina 25, mistari mitano ya mashina matano, mita moja kwa mita moja. Siku moja, udongo mmoja, palizi moja. Msiipendelee mpya kwa kuipa samadi halafu ile ya zamani mkainyima. Tumeona watu wakifanya hivyo, kisha wakasifu mbegu kumbe wamesifu samadi.

Fimbo zikatwe urefu wa sentimita 20 hadi 30. Kijiti cha kila kipande kiandikwe namba tu, jina libaki kwenye daftari la katibu. Mtu akisikia "hii ya serikali" au "hii ya babu", mdomo wake unaonja jina badala ya muhogo.

Tena jaribio lisiwe shamba moja. Shamba moja lina kichuguu, jingine lilikuwa zizi la mbuzi, jingine linatuamisha maji wakati wa masika. Aina iliyoshinda kwa mkulima mmoja pengine ilipendelewa na mahali. Ikishinda kwa watano kati ya sita, hapo kuna neno.

Andikeni fimbo ngapi zilichipua. Baada ya miezi mitatu tazameni majani: yaliyojikunja na kuwa na mabaka ni batobato, yenye manjano kando ya mishipa, hasa majani ya chini, yaweza kuwa michirizi ya kahawia. Rudieni baada ya miezi sita.

Siku ya kuvuna, pimeni mashina tisa ya katikati peke yake. Ya pembeni yameibiana jua na chakula na jirani. Na hapa hesabu ifanywe kwa makini. Tuchukue mfano. Aina namba 2 imetoa kilo 27 kwa mashina tisa. Ni kilo 3 kila shina. Hekta moja ina mashina 10,000, kwa hiyo ni kilo 30,000, yaani tani 30. Watu wanapiga makofi. Mnaikata ile mihogo, mnakuta kilo 9 zina madoa. Zimebaki kilo 18 za kuliwa, sawa na tani 20. Aina namba 4 ilitoa kilo 22 na nusu, na yote ni meupe. Hiyo ni tani 25 za kuliwa. Mizani ya kwanza ingewadanganya.

Halafu kupika. Chemsheni kila aina kwenye sufuria yake, maji sawa, moto sawa, na mwandike dakika. Mkaa wa Dar es Salaam siyo bure. Wekeni kwenye sahani zenye namba. Kila mtu aonje, kisha apige kura kwa kudondosha punje kwenye kopo: wanawake punje za mahindi, wanaume maharage. Makopo yahesabiwe mbali mbali. Mara nyingi mtakuta wanaume wamechagua mzizi mkubwa, na wanawake wamechagua unaoiva upesi na wenye kisamvu laini. Msiwalazimishe wakubaliane. Aina mbili kwa kazi mbili siyo kosa. Na mwiteni yule mama anayekaanga mihogo kituo cha daladala, naye apige kura, maana ndiye mnunuzi.

Majaribio ya jina tu

Lazima tuseme na upande wa pili. Yapo majaribio yanayoitwa ya wakulima, lakini mkulima ndani yake ni kibarua. Analima, anapalilia, analinda. Siku ya mavuno linakuja gari, watu wanapima, wanapiga picha, wanaondoka na mizizi na takwimu. Mwenye shamba haambiwi hata aina gani imeshinda. Sisi tuliwahi kukaa na kikundi kimoja ambacho mpaka leo kinaita aina yake "Namba Tatu", kwa sababu hakuna aliyerudi kukiambia jina. Wanaendelea kuipanda na wanaipenda, lakini wakitaka fimbo safi hawajui waombe nini.

Kwa hiyo kabla hamjakubali jaribio, ulizeni mambo haya mbele ya wanachama wote na myaandike. Matokeo tutaletewa lini? Mbegu ya aina tutakayoichagua tutaipata wapi? Mavuno ya kwenye jaribio ni ya nani? Na ikiwa jaribio litaharibika, nani anabeba hasara ya lile eneo? Mtafiti mwema hatachukia maswali hayo.

Kosa jingine ni la kwetu wakulima. Kumwambia mgeni analotaka kusikia. Bwana shamba akiuliza "mmeipenda?", tunajibu "sana", kwa adabu. Akitoa kisogo tunaing'oa. Adabu ya namna hiyo inamrudisha mtafiti kituoni na uongo mfukoni.

Mbegu ikishachaguliwa

Aina mpya haitangazwi rasmi kwa sababu kikundi kimoja kimeipenda. Kwa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, kazi ya kukagua iko kwa TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu yenye makao yake Morogoro. Inatazama kama aina hiyo inatofautiana kweli na nyingine, kama mimea yake inafanana, na kama haibadiliki ikipandwa tena. Inajaribiwa pia sehemu mbalimbali. Kumpa jirani fimbo ni desturi yetu ya siku zote, lakini kuuza mbegu kibiashara bila kuandikishwa ni kosa. Kikundi kinachotaka kuuza kinaweza kuomba kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora. Kinaandikishwa, shamba linakaguliwa, na mbegu inauzwa kwa majirani wa eneo lile.

Muhogo unaongezeka polepole, hilo mlijue mapema. Shina moja hutoa kama pingili 10 kwa mwaka. Ukianza leo na mashina 10, utapanda pingili 100. Mwakani utapanda 1,000. Mwaka wa pili kutoka leo ndipo utapata 10,000, za kutosha hekta moja. Katika muda huo wote kila shina lenye dalili ling'olewe na kuchomwa, wala lisitupwe pembeni ya shamba, na shamba la mbegu liwe mbali na muhogo wa zamani kadiri mnavyoweza.

Wanaotaka kupanda kwa mvua za vuli waonane na afisa ugani wa kata mapema, mwezi Agosti au Septemba, aulizie Kibaha ni aina gani zenye fimbo safi msimu huu. Mkienda kuchukua, pelekeni magunia yaliyoloweshwa na mfunge fimbo humo, kisha ziwekwe kivulini zikiwa zimesimama, kichwa juu. Na mchukue fimbo za aina mbili au tatu, siyo moja.